Hawa Wengine ni Kanuni

Kofia ya Alamin ilikuwa imekwama mahali pamoja tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi. Uzi ulikuwepo, sindano zilikuwepo, na kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa ndani ya leso ya zamani kisipate vumbi. Kilichogoma ni jicho la Bi Kamaria.

Wanaume wote wa nyumba ile ya Mambrui walioa wakiwa na kofia ya mkono wake kichwani. Marehemu mumewe aliivaa ya kwanza, iliyopinda kidogo upande mmoja kwa sababu mshonaji alikuwa bibi harusi mwenyewe na akili yake haikuwa kwenye sindano. Wakafuata wanawe, kisha wajukuu. Alamin ndiye aliyebaki. Harusi yake iliwekwa baada ya Maulidi, na kofia yake ilikuwa nusu viua, vile vitobo vidogo vidogo vinavyoshonwa kuzunguka kimoja kimoja, na nusu kitambaa kitupu. Jicho la kulia la Bi Kamaria lilitangulia kufifia miaka iliyopita. La kushoto sasa lilikuwa kama mtu amelimwagia tui zito ndani. Sindano aliiona mbili, tundu lake hakuliona hata moja.

Muuguzi wa hospitali ya mjini alimmulika kwa kurunzi ndogo, akamwambia huku amemshika mkono, jambo ambalo Bi Kamaria hakulisahau: "Ni mtoto wa jicho, bibi. Macho yote mawili, lakini yanatolewa. Daktari wa macho anatujia Jumatano ya wiki ijayo. Tutaanza na hili la kushoto. Akishaondoka hapa, hurudi baada ya miezi, kwa hivyo usikose. Bima yako ya serikali itasimamia. Wewe fuata utaratibu tu."

Hilo "tu" ndilo lililomtesa.

Alikwenda Dirisha la Kwanza la hospitali hiyohiyo, linalopokea wagonjwa. Sauti ya kijana mpole ikamwambia alete barua ya rufaa kutoka zahanati ya kwao. Alirudi zahanati ya kwao. Huko sauti nyingine, nayo pole, ikamwambia kwamba mgonjwa akishaonwa na hospitali kubwa, zahanati haiwezi tena kumwandikia rufaa, maana rufaa hupanda, haishuki. Akarudi Dirisha la Kwanza. Kijana akasikitika kweli, hata Bi Kamaria akamwonea huruma yeye.

"Bibi yangu, bila rufaa siwezi. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi, mwanangu?"

"Kwenye kanuni."

Na zahanati pia walisema imeandikwa. Bi Kamaria alikuwa mtu wa subira. Aliwahi kumngoja fundi wa mlango tangu mvua za masika hadi za vuli na akamkaribisha chai alipofika. Lakini safari hii Jumatano ilikuwa inakuja na kofia ilikuwa nusu. Alipofika nyumbani alimwita mwanawe, Rashad, babake Alamin.

"Rashad, hizo kanuni zinazosomwa na kila mtu isipokuwa mimi, ziko wapi?"

"Ziko mtandaoni, mama."

"Basi zitoe huko mtandaoni uzilete hapa ukumbini. Nataka kuzijua."

Rashad akaenda Malindi kwenye duka la kompyuta, akamwambia mwenye duka atoe zote, kisha akakaa kunywa sharubati ya ukwaju. Sharubati ikaisha, mashine bado. Akanywa ya pili. Akaenda kuswali Alasiri, akarudi, mashine bado inatema karatasi na mwenye duka anaipepea kwa kifuniko cha boksi isije ikashika moto. "Yakhe," mwenye duka akamuuliza, "unafungua skuli?" Rashad akazileta nyumbani ndani ya kikapu cha sokoni, na njiani akalazimika kubadili mkono.

Zilipowekwa juu ya jamvi zilikaa kama mkate wa sinia kabla haujakatwa. Bi Kamaria akazipapasa ubavuni kutoka juu hadi chini.

"Subhanallah. Hizi ni za nchi nzima au za macho tu?"

"Za nchi nzima, mama. Macho yamo ndani, sijui wapi."

"Na wewe huwezi kuyatafuta kwa simu yako hiyo uliyonisumbua nayo mwaka mzima?"

"Nimejaribu. Imezunguka, imezunguka, ikazima."

Jirani yao, Bi Safaa, alikuwa amepita kuomba ndimu. Bi Safaa husomesha kina mama Kurani kila jioni, na ndiye anayesimamia khitma zote za mtaa ule. Akiliona jambo refu hupandisha mikono ya buibui. Akazunguka lile rundo.

"Shoga, jambo refu sisi hulimaliza vipi? Si tunagawana?"

"Safaa, muogope Mungu. Hii si khitma."

"Najua si khitma, na thawabu humu sioni. Lakini kugawana ni kugawana. Juzuu thelathini tunazigawa, kila mtu anasoma zake kwa wakati mmoja, na msahafu mzima unakamilika kahawa haijapoa. Hizi karatasi zitatushinda sisi? Kesho Jumatatu baada ya Adhuhuri, hapahapa. Mimi nitawaita watu."

Watu waliitika. Jumatatu ukumbi ukajaa buibui na leso, harufu ya udi, na viatu mlangoni mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Kila mtu alimjia Bi Kamaria kumpa mkono. Hakuwaona nyuso ila aliwajua kwa viganja, na kila mmoja alimwambia jina lake bila kuulizwa, ili asipate tabu. Hilo nalo alilitia moyoni.

Kadii naye alikuja. Kadii ni mama mkulima, mzaliwa wa Jilore, na shamba lake linapakana na ua wa Bi Kamaria. Ni mtu wa kanisani, lakini hajawahi kukosa khitma ya jirani. Hukaa barazani na kula kaimati, na mtu akifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika na kuni kichwani. Leo pia alikaa huko, karibu na mlango.

"Ingia ndani, Kadii," Bi Safaa akamwita. "Leo hakuna wa nje. Shika fungu lako."

"Bi Safaa, mimi kusoma nimejifunza ukubwani, pale ngumbaru. Nasoma kama mtu anayepanda mahindi. Tundu, mbegu, tundu, mbegu."

"Panda. Hakuna anayekukimbiza."

Bi Safaa akalikata rundo kwa vidole kama mtu anayegawa nyama ya sadaka, huyu kipande, yule kipande, mwenye miwani akaongezwa. Namba za kurasa hazikutoka kwenye ile mashine, lakini hakuna aliyejali, maana juzuu zina majina yake, na karatasi hizi nazo wangezijua tu. Akasema, "Haya, bismillahi," na ukumbi mzima ukaanza kuvuma. Kila mtu alisoma lake kwa sauti yake, huyu kwa haraka, yule kwa kuvuta, na aliyesomesha chuo cha Kurani alishindwa kujizuia akawa anazipamba mwisho sentensi za wizara mpaka zikapendeza. Bi Kamaria alikaa katikati mikono mapajani. Sauti zilimzunguka kama nyuki na hakuambulia neno. Hata hivyo moyo ulimtulia. Watu wote hawa walikuwa wanahangaikia jicho moja.

Kabla ya Alasiri wakamaliza. "Tumemaliza!" Bi Safaa akatangaza, na mikono kadhaa ikainuka kwa mazoea kuomba dua, ikakumbuka, ikashuka kwenye sahani za kaimati.

"Mungu awalipe," akasema Bi Kamaria. "Sasa niambieni. Zinasemaje?"

Kila mtu akatazama fungu lake. Mtu akakohoa.

"Langu mimi," akaanza mmoja, "lilikuwa la maana za maneno tu. Kuna 'mchangiaji', kuna 'mnufaika', kuna 'mnufaika wa mchangiaji'."

"Huyo wa mwisho ni nani?"

"Nadhani ni mume wangu."

Wakacheka. Mwingine akasema lake lilihusu magari ya kubeba wagonjwa na rangi zake. Mwingine akasema amesoma neno kwa neno na maneno yote ni ya Kiswahili, moja moja anayajua, ila yalipopangwa pamoja yalimfungia mlango. Bi Safaa mwenyewe alikuwa na fungu la adhabu. Alikuwa amejua faini ya kila kosa, bila kujua makosa yenyewe, ambayo yalikuwa kwa mtu mwingine.

"Basi tumesoma zote," Bi Kamaria akasema polepole, "na hakuna anayezijua."

Hapo ndipo waliposikia sauti moja bado inaendelea pale mlangoni. Kadii hakuwa amemaliza. Kidole chake kilikuwa kwenye karatasi ya kwanza ya fungu lake, na alikuwa anasoma vilevile, tundu, mbegu, tundu, mbegu. Mmoja akataka kumwambia basi inatosha, Bi Kamaria akainua mkono. Wakamngoja. Na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine, kila mtu akasikia.

"'Mgonjwa... hatapokelewa... katika hospitali ya ngazi ya juu... bila barua ya rufaa... kutoka kituo cha ngazi ya chini... isipokuwa... kama ilivyoelezwa... katika kifungu... kilichotangulia.'"

"Rudia hapo mwisho, Kadii."

"'Isipokuwa kama ilivyoelezwa katika kifungu kilichotangulia.'"

"Kuna isipokuwa!" Bi Kamaria akapiga paja. "Mbona hakuna aliyeniambia kuna isipokuwa? Kifungu kilichotangulia anacho nani?"

Wakatazamana. Aliyekaa kabla ya Kadii alikuwa Nahla, mke wa mwenye duka la mchele, na Nahla alikuwa ameshaondoka kuwahi mbaazi zake jikoni, akaenda na fungu lake. Wakamtuma mtu. Nahla akarudi mwenyewe anatembea kwa haya, karatasi mkononi.

"Bi Kamaria, niwie radhi. Sufuria ilikuwa ya moto, mkononi nina hizi, meza yangu mpya..."

Katikati ya karatasi palikuwa na duara jeusi la sufuria, na ndani ya duara hapakuwa na neno. Kifungu kilichotangulia kilikuwa kimekwenda na mbaazi.

Wengine waligomba, Bi Safaa akitaka kuangalia kwenye fungu lake kama hilo lina faini. Nahla alikuwa karibu kulia. Bi Kamaria akamvuta akae karibu naye. "Mbaazi zimeiva?" akamuuliza. "Zimeiva." "Basi si hasara yote. Kesho uje nazo."

Maana kesho wote wangekwenda hospitali. Jumanne ilikuwa siku ya mwisho. Rashad alipendekeza achukue rundo lote aende nalo mwenyewe, lakini walipojaribu kulirudisha pamoja hapakuwa na aliyejua karatasi ipi inatangulia ipi. Kilichobaki ni kila fungu lisafiri na msomaji wake.

Wakajaa kwenye msururu wa tuktuk. Lango la hospitali lilikuwa na askari mrefu, au ndivyo kivuli chake kilivyoonekana kwa Bi Kamaria.

"Shikamooni, kina mama. Mgonjwa nani?"

"Marahaba. Mimi hapa."

"Karibu, bibi. Kanuni inasema msindikizaji ni mmoja tu."

"Naam," Bi Kamaria akamshika Kadii mkono, "huyu ndiye mmoja. Hawa wengine ni kanuni."

Askari akatazama. Kila mwanamke akainua fungu lake la karatasi. Akafikiri kidogo, akatazama tena, na akafungua lango. Kwenye maagizo yake hapakuwa na mahali palipokataza kanuni kuingia.

Dirisha la Kwanza, yule kijana mpole alimtambua mara moja. Jina lake lilikuwa Phineas. "Bibi umerudi! Umeipata rufaa?"

"Sikuipata, mwanangu. Nimeipata isipokuwa. Kadii, msomee."

Kadii akasoma. Phineas akafuata kwa midomo, maana sentensi ile aliijua kwa moyo. Alipofika mwisho akasema, "Ndiyo hiyo. Ndiyo ninayoifuata kila siku."

"Na hicho kilichotangulia kinasemaje?"

Phineas akajigeuza kitini. Bi Kamaria hakumwona uso, lakini alisikia kiti chake kikilia.

"Nikwambie kweli, bibi? Changu kinaanzia hapo. Sijawahi kukiona kilichotangulia."

"Kwani hamkuzisoma?"

"Tulizisoma. Tulikuwa na semina. Kitabu kilikuwa kirefu na siku ilikuwa moja, kwa hivyo tuligawana. Dirisha la Kwanza sehemu yake, la pili yake, mpaka mwisho. Kila mtu akasoma yake."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

Bi Kamaria akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi ashike ukingo wa dirisha, na Bi Safaa nyuma yake akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. "Kumbe na nyie!" akasema Bi Kamaria akifuta machozi. "Na sisi tukadhani ujinga huo ni wa Mambrui peke yake. Basi angalau nyie hamkuweka sufuria juu yake?"

Phineas naye akacheka, ingawa habari ya sufuria hakuijua. "Kilichotangulia kitakuwa kwa Pamela, Dirisha la Nne, maana siku ya semina alikaa kabla yangu. Lakini bibi, hata akikusomea yeye, mimi lazima nifuate changu."

"Hata kidogo. Usiache chako. Ila sitaki anisomee mimi. Nataka akusomee wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Jana sisi tulisoma watu ukumbi mzima na hakuna aliyesikia, mpaka huyu Kadii aliposoma peke yake na sisi tukanyamaza. Saa yenu ya chakula si hii? Njooni mkae hapa benchi. Mbaazi zipo, mahamri yapo, chai ya tangawizi ipo."

Mbaazi za Nahla ziliwatangulia kwa harufu. Pamela akatoka Dirisha la Nne na sehemu yake mkononi. Alikuwa Mgiriama mchangamfu, na alimwita Bi Kamaria hawe, kama angemwita nyanya yake mwenyewe. Kabla hajakaa alikwenda kumtafutia kiti chenye mgongo. "Benchi hili ni gumu, hawe. Sisi tumelizoea."

Kumbe Pamela na Phineas hula pamoja kila siku. Walijuana mpaka timu za mpira. Kanuni tu ndizo hawakuwahi kuzungumza, kwa sababu nani azungumze kanuni wakati wa chakula.

"Soma, mwanangu," Bi Kamaria akasema. "Na nyie wengine, msisome zenu. Nyamazeni kabisa. Safaa, na wewe."

Pamela akafuta vidole, akasoma. Sehemu yake ya mwisho ilisema kwamba katika siku ya kliniki ya daktari mgeni, mgonjwa aliyekwisha kupimwa na muuguzi wa hospitali hiyohiyo ataingizwa moja kwa moja, na sahihi ya muuguzi itasimama mahali pa rufaa, mradi jina lake lipelekwe na Dirisha la Kwanza kabla ya siku yenyewe.

Phineas akaacha kutafuna.

"Rudia, Pamela."

Pamela akarudia.

"Na Dirisha la Kwanza ni mimi."

"Si wewe? Mimi kila daktari mgeni akija nakaa nangoja majina yako. Huleti hata moja. Nikasema, watu wa Malindi Mungu kawajaalia macho mazuri."

"Na mimi nawarudisha zahanati!" Phineas akajishika kichwa. "Pamela, nimerudisha wazee wangapi?"

Sauti yake ilibadilika, na kina mama wakaacha kucheka. Bi Kamaria aliunyosha mkono mpaka ukalipata bega lake.

"Usijilaumu, mwanangu. Ulikuwa unaifuata kazi yako, na kila uliponirudisha ulinisikitikia. Wengi hawasikitiki. Hao uliowarudisha majina yao unayo?"

"Kwenye kompyuta yapo."

"Basi leo ni Jumanne. Mchana bado mrefu."

Phineas hakumaliza mahamri yake. Alimpeleka Bi Kamaria kwa muuguzi yeye mwenyewe, akimshika kiwiko kwenye vidaraja vya ngazi, na muuguzi aliyemmulika siku ile akamkumbuka na kutia sahihi. Kisha akarudi dirishani akaanza kupiga simu. Kina mama walipokuwa wanaondoka walimsikia akizungumza na mzee mmoja wa vijiji vya bara asiyesikia vizuri: "Ndiyo, baba, kesho! Njoo kesho! Hapana, usiende zahanati! Usiende popote! Njoo kwangu!"

Jumatano Bi Kamaria akafanyiwa upasuaji. Alhamisi bandeji ikatolewa. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mkono wa muuguzi, wenye hina iliyoanza kufifia kwenye kucha. Cha pili kilikuwa kijana mwembamba mlangoni, shati limekosa kifungo kimoja, anachungulia kama mtu mwenye haya.

"Phineas?"

"Umenijuaje, bibi, na hujawahi kuniona?"

"Huyu anayekuja kutazama na hana kazi huku, ni nani kama si wewe? Ukija Mambrui nikutilie kifungo hicho."

Nyumbani jambo la kwanza alifungua leso ya zamani. Kofia ilikuwamo. Akaisogeza dirishani. Viua vyake alivijua, vimekaa safu safu kama meno ya mtoto. Lakini baada ya safu yake ya mwisho palikuwa na safu nyingine. Vitobo vyake vilikuwa vikubwa, vimeachana, na uzi ulipitishwa mara mbili na kukazwa kwa nguvu, namna watu wanavyoshona mdomo wa gunia la mahindi ili lisipasuke njiani.

Akaikunja tena ndani ya leso. Jioni Kadii akaja na mboga za mchicha, kidole cha shahada kimefungwa kitambaa.

"Kidole kina nini, shoga?"

"Mwiba. Nilikuwa shambani."

"Mwiba wa nini?"

"Wa mahindi."

"Tangu lini mahindi yakawa na miiba?"

Kadii akatazama mchicha wake. "Nilisema kama jicho litakataa, angalau Alamin asivae kofia ya nusu. Kisha nikaona safu moja yanishinda. Ifumue, Bi Kamaria. Ni mbaya."

Bi Kamaria akatia uzi kwenye sindano. Mara moja, bila kukosea. Akaanza safu mpya palepale ilipoishia ile ya Kadii, na hakufumua hata kitobo kimoja. Siku ya nikahi alimweka Alamin kofia kichwani kwa mkono wake, akaizungusha mpaka safu ile ya gunia ikakaa mbele, katikati ya paji la uso. "Ikae hapo," akamwambia. "Ukiulizwa, sema ndiyo mtindo."

Lilibaki jicho la kulia. Daktari angerudi mwisho wa mwaka, na Phineas alikwisha kuliandika jina. Lakini siku moja Rashad akaingia ukumbini anabadilisha kikapu mkono wa kulia na wa kushoto, na Bi Safaa, ambaye alikuwa amepita kuomba ndimu, akaikunja mikono ya buibui kabla hajaambiwa.

"Zimefanyiwa marekebisho," Rashad akasema akitua mzigo. "Wamezifupisha."

Rundo lilikuwa refu kuliko la kwanza.

Bi Safaa akaunyosha mkono kuligawa. Bi Kamaria akauzuia, akavaa miwani yake mpya, na kuichukua mwenyewe karatasi ya juu kabisa.

"Mara hii anasoma mmoja. Nyie sikilizeni. Kadii, kaa karibu." Akasafisha koo. "'Katika kanuni hizi, isipokuwa pale itakapoelezwa vinginevyo...'"

Akaishusha miwani, akalitazama lile rundo kwa jicho lake moja zima.

"Safaa," akasema, "tia kahawa. Tia nyingi."